Kabla Haujapimwa kwa Kilo: Mwongozo Kamili wa Kukusanya Misumeno ya Mnyororo ya Zamani Ukiwa Dar es Salaam

Msumeno wangu wa kwanza wa zamani niliukuta unaning'inia kwenye mizani. Ilikuwa Gerezani, asubuhi, na kijana wa chuma chakavu alikuwa ameutundika kwenye ndoano pamoja na sufuria mbili zilizotoboka. Kabureta haikuwepo, ekzosi haikuwepo, kamba ya stata ilishakatika. Nilipofuta tope la mafuta kwa kidole gumba, ikajitokeza namba iliyotoka na chuma chenyewe tangu kiwandani: 1106. Mshale wa mizani ulisimama kwenye kilo 11. "Bosi, hiyo ni aluminiamu tupu, bei yake unaijua," akaniambia. Nilimpa 85,000, nikapanda bodaboda huku nimeukumbatia kama mtoto.

Namba hiyo 1106 ni ya ukoo wa Stihl 070 na 090. Wangu ulikuwa 070, wenye injini ya sentimita za ujazo 106. Kaka yake, 090, ana 137, na kule Marekani 090 nzima iliyokamilika mara nyingi huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Hapa mjini mashine ya aina hiyo inaweza kuvunjwa leo jioni ikauzwa kwa kilo. Ndiyo maana naandika haya, na jambo moja nitalishikilia mpaka mwisho: nunua msumeno uliokamilika hata kama hauwaki, uache ule unaonguruma lakini nusu ya mwili wake si wake.

Hatua ya 1: Jua unachokitafuta

Huwezi kutambua kitu usichokijua kwa sura. Andreas Stihl wa Stuttgart alitengeneza msumeno wa umeme wa kushikwa na watu wawili mwaka 1926, na wa petroli mwaka 1929. Mwaka 1927 Mjerumani mwenzake, Emil Lerp, alikuwa amejaribu wake kwenye mlima uitwao Dolmar, huko Thuringia, na jina la mlima likawa jina la chapa. Hiyo ilikuwa mizigo ya zaidi ya kilo 40. Ukibahatika kuuona mmoja hapa nchini, piga picha, kaa chini, kisha anza kuzungumza bei taratibu.

Mabadiliko makubwa yalianzia kwenye mnyororo. Mwaka 1946 mkata magogo wa Oregon, Joseph Cox, alimtazama buu wa mbawakawa akitafuna mbao kwa taya zake, moja ikikata kushoto na nyingine kulia, akaunda meno ya mnyororo kwa kumuiga. Karibu kila mnyororo unaouzwa Kariakoo leo ni mjukuu wa wazo hilo. Baada ya hapo misumeno ilipungua uzito haraka: McCulloch 3-25 ya mwaka 1949 ilikuwa na ratili 25, kama kilo 11 hivi, Stihl BL ya mwaka 1950 ilibebwa na mtu mmoja, kilo 16, kisha mwaka 1959 ikaja Stihl Contra, kilo 12, nguvu za farasi 6, isiyo na giaboksi. Mwaka huohuo 1959 Waswidi wakatoa Husqvarna 90, msumeno wao wa kwanza. Homelite wa Marekani walifuata na XL-12 mwaka 1963.

Niseme kidogo kuhusu Robert McCulloch, maana wanunuzi wa ng'ambo wanaipenda hadithi yake na inawafanya waipende mashine. Utajiri wa misumeno ulimwezesha kununua Daraja la London mwaka 1968, akalivunja jiwe kwa jiwe, akalijenga upya jangwani Arizona, katika mji wa Lake Havasu City alioanzisha mwenyewe na kuweka kiwanda chake cha misumeno. Daraja lipo mpaka leo.

Hapa kwetu nilizokutana nazo nyingi ni 070, kwa sababu mti mgumu wa miombo haukatwi na kifaa cha kupogolea bustani. Zinazofuata ni Husqvarna na Stihl za ukubwa wa kati zilizofanya kazi kwenye misindano ya nyanda za juu. Mimi nimejiwekea mpaka: kwenye chapa za Kijerumani nakusanya zenye kibao kinachotaja Ujerumani Magharibi, yaani za kabla ya mwaka 1990. Mpaka huo hauhitaji mtaalamu, unahitaji macho tu.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini bei inapanda, na ya kipi

Bei haipandi kwa kila kitu cha zamani. Inapanda kwa injini kubwa ambazo hazitengenezwi tena. Sheria za moshi za Marekani na Ulaya zilizifukuza kwenye masoko hayo, na msumeno mkubwa zaidi ambao Stihl wanauuza sasa una sentimita za ujazo kama 121, chini ya zile 137 za 090. Mtu mwenye fremu ya kupasulia mbao anaitaka hiyo 090 ili aifanyie kazi, na mkusanyaji anaitaka aitazame. Wawili hao wakigombea mashine moja, bei inakwenda juu. McCulloch za ukoo wa 125 nazo ziko huko huko, dola 1,000 na kuendelea zikiwa nzuri. Tena siku hizi mtu akiwa popote anafungua YouTube na kusikia jinsi zinavyonguruma, na wazee waliozitumia ujanani wamestaafu, wana fedha na muda.

Vimisumeno vidogo vya nyumbani vya miaka ya 1970 na 1980, vilivyotengenezwa kwa mamilioni, havina habari hiyo. XL-12 ni mashine nzuri na ya kihistoria, ila zipo tele, na nyingi huuzwa kwa bei ndogo kuliko nauli ya kuzisafirisha kutoka hapa.

Hatua ya 3: Tafuta mahali panapostahili

Gerezani ni mlango wa kwanza. Nenda asubuhi kabla mizigo haijavunjwavunjwa, na urudi kila wiki mpaka wakuzoee. Baada ya mwezi watakupigia simu wenyewe. Pita Buguruni na Keko kwa wauza mbao na mafundi samani. Wengi walianza kazi porini, na msumeno wa enzi hizo uko juu ya dari au chini ya benchi. Ukimkuta mzee, salamu kwanza, kazi yake pili, msumeno baadaye.

Ila hazina kubwa haipo Dar. Iko Mafinga, Njombe, Ifakara, Tabora, Lushoto, na kwenye misheni za zamani zenye karakana. Uwe na mtu huko, akutumie picha tano kabla hujatuma hela: upande wa stata, upande wa klachi, juu, chini, na namba ya mashine kwa karibu. Mzigo unakuja na basi mpaka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Mwambie amwage petroli yote, aache tangi wazi usiku kucha, ndipo afunge. Petroli ndani ya buti la basi lenye abiria ni hatari, sitaki mchezo nayo.

Kuna wanaofundisha kuficha: usimwambie muuzaji thamani yake. Mimi nimeacha. Mzee wa Keko aliyeniuzia Husqvarna yake nilimwonyesha kwenye simu bei za nje, nikamweleza gharama za kuusafirisha na za kutengeneza, tukakubaliana katikati. Akanipa na karatasi ya manunuzi iliyokunjwa mara nne, na picha yake akiwa kijana amekanyaga gogo, msumeno begani. Karatasi ile na picha ile vinaongeza thamani kuliko rangi yoyote mpya, na nisingevipata kwa ujanja.

Hatua ya 4: Kagua kwa mikono, bila haraka

Hapa ndipo hela inapookolewa au inapopotea.

Anza na mwili. Bodi za misumeno hii nyingi ni za magnesi, chuma chepesi kisichopatana na chumvi. Hewa ya pwani inakitafuna, kinatoa unga mweupe na rangi inavimba kama malengelenge. Bonyeza vimbe hilo kwa ukucha. Unga ukitoka juujuu na chini ukakuta chuma kigumu, hakuna shida. Ukucha ukizama, hasa pale bolti za silinda au za bapa (ule upanga wa chuma unaobeba mnyororo) zinaposhika, achana nao, au ununue kama spea tu. Msumeno uliokaa Mafinga miaka 40 unaweza kuwa mzima kuliko uliokaa Kigamboni miaka mitano.

Rangi mpya ni sababu ya kuinama zaidi. Niliwahi kulipa vizuri kwa msumeno uliong'aa, nikafika nyumbani, nikausugua kwa tina, na chini ya rangi nikakuta kona nzima ya bodi imejengwa kwa fila ya magari. Tangu siku hiyo natembea na sumaku ndogo na bisibisi, nagonga mwili mzima taratibu nikisikiliza. Sumaku hainasi magnesi, lakini inakuonyesha bolti na vipande vya chuma vilivyopachikwa. Fila inasikika butu, chuma kinalia.

Kisha hesabu viungo vya nje: kifuniko cha ea klina, nyumba ya stata, kifuniko cha klachi, ekzosi, mpini wa mbele, vifuniko vya matangi mawili, la petroli na la oili ya mnyororo, na kibao cha jina. Hivi ndivyo vinavyosumbua kupatikana. Pistoni na ringi za 070 utazipata Kariakoo, kwa sababu kuna misumeno mingi ya Kichina iliyoiga 070. Lakini kibao halisi cha jina ukikikosa leo, utakitafuta miaka mitatu.

Na hao waigizaji ndio mtego wenyewe. Chenisoo ya kuiga ikishazeeka, ikapigwa jua na mafuta, kwa mbali huwezi kuitofautisha. Usiamini stika. Tafuta namba ya mashine iliyogongwa kwenye bodi, namba za sehemu zilizotoka na chuma, kibao cha nchi, na uone kama kingo za chuma ni safi au zina mabaki ya ukungu yaliyokwanguliwa vibaya. Alama moja haitoshi. Zikikubaliana tatu, toa pochi.

Injini ipime bila kuiwasha. Shika mpini wa kamba ya stata, uinue msumeno mzima uning'inie kwa kamba yake. Ukishuka taratibu kwa vituo, kompresheni ipo. Ukianguka kama jiwe, ringi zimekwisha au zimeganda. Ukiwa na geji ni bora zaidi: psi 120 ni ya kuvumilia, 150 ni ya kufurahia. Halafu fungua ekzosi, mulika tochi ya simu kwenye tundu, uitazame pistoni. Uso laini unaong'aa ni habari njema. Mikwaruzo ya wima kama kucha za paka maana yake iliwahi kuendeshwa bila oili ya kutosha. Mwisho, shika flaiwili, lile gurudumu lenye mapezi upande wa stata, uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi za krankshafti zimechoka.

Stata ikigoma kuvutika, usilazimishe. Injini iliyoganda inaweza kufunguka, na inayolazimishwa inavunjika.

Hatua ya 5: Weka bei yako kabla mwenzako hajataja yake

Fungua eBay, tafuta modeli yako, kisha chagua vitu vilivyokwisha kuuzwa. Bei za matangazo ni ndoto za watu. Bei ya kilichouzwa ndiyo soko. Kwa mashine za Kijerumani tazama pia Kleinanzeigen, tovuti ya matangazo ya Wajerumani. Chukua mauzo kama kumi, ondoa ya juu kabisa na ya chini kabisa, angalia yaliyobaki, kisha toa usafiri, spea na siku zako za kazi. Kinachobaki ndicho kikomo chako. Msumeno usio na ekzosi wala kabureta mimi naupa robo ya bei ya uliokamilika, hata kama mwili wake unapendeza.

Hatua ya 6: Karatasi

Msumeno wa mnyororo nchini si kifaa cha kutembea nacho kama nyundo. Misitu inalindwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, wanafuatilia sana chenisoo kwa sababu ya uvunaji haramu. Kabla hujajaza stoo, nenda ofisi ya TFS ya wilaya yako, waeleze kwamba unakusanya mashine za zamani, na uulize unachotakiwa kusajili. Andika hati ya mauziano kila unaponunua: namba ya mashine, majina, sahihi, ikiwezekana mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kwa muuza chuma chakavu dai risiti. Mashine hizi huibwa, na hati ndiyo itakayokutetea.

Hatua ya 7: Safisha bila kuua umri wake

Piga picha pande zote kabla ya kugusa. Osha kwa mafuta ya taa na brashi laini ya rangi, siyo ya waya. Tope gumu likwangue kwa kijiti cha mti. Rangi ya kiwandani iliyobaki asilimia 60 ina thamani kuliko ya kupuliza asilimia 100, na kibao kikisuguliwa kwa msasa herufi hazirudi. Unga mweupe wa magnesi utoe kwa pedi laini ya nailoni, ukaushe juani saa nzima, upake oili nyepesi. Usipeleke kupigwa mchanga.

Injini iliyoganda mwagie dizeli iliyochanganywa nusu kwa nusu na oili ya giaboksi ya otomatiki, kupitia tundu la plagi, uiache. Wangu ulikaa siku tisa. Kila jioni niliongeza kijiko na kuisukuma flaiwili kwa viganja viwili, na siku ya tisa ikasogea upana wa ukucha. Nilikaa kimya uani nikiitazama.

Hatua ya 8: Uamshe

Misumeno mingi ya kabla ya miaka ya 1970 huchoma kwa platini, ncha mbili ndogo zinazogusana na kuachana ili plagi ipate moto. Kama plagi haitoi moto, usikimbilie koili. Kutu ya unyevu kwenye ncha za platini ndiyo mshukiwa wa kwanza hapa pwani. Ipitishie msasa mlaini kabisa, ifute kwa karatasi kavu, kisha uweke mwanya wa milimita 0.35 hadi 0.40 kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya.

Platini iko nyuma ya flaiwili, na flaiwili inang'olewa kwa pula, kifaa cha kuivuta taratibu kwa skrubu. Nasisitiza kwa sababu nimeumia: fundi mmoja nilimwachia msumeno wangu, akaipiga flaiwili kwa nyundo, mapezi mawili yakaruka. Flaiwili iliyopoteza mapezi haina uwiano, inatikisa krankshafti mpaka iue beringi, na mpya ya asili haipo. Kama fundi hana pula, chukua mashine yako mrudi nyumbani.

Kabureta ifungue ukute dayaframu, ile ngozi nyembamba ya ndani, imekuwa ngumu kama karatasi ya maandazi yaliyokauka. Ibadilishe pamoja na gasketi zake. Petroli iwe mpya. Vitabu vya zamani vingi vinataka mchanganyiko wa 25 kwa 1, yaani mililita 40 za oili ya tu-stroki kwa kila lita. Lita 5 zinataka 200. Moshi utakuwa mwingi kidogo, wacha uwe mwingi.

Toa mnyororo na bapa kabla ya kuuwasha kwa mara ya kwanza. Uwe nje, na vizuizi vya masikio. Mashine nyingi za umri huu hazina breki ya mnyororo. Bapa likiruka nyuma hakuna kinachousimamisha. Dakika mbili za kuunguruma zinakutosha kujua afya yake. Kukata magogo nao mwachie aliyefundishwa, mwenye kofia, buti na suruali ya kazi.

Hatua ya 9: Uhifadhi dhidi ya hewa ya Dar

Mwaga petroli yote, uwashe mpaka uzime wenyewe ili kabureta ikauke. Tia kijiko cha oili kwenye silinda, vuta stata polepole mara tatu, uiache pistoni ikiwa juu ili ifunge tundu la ekzosi. Usiufunge kwenye mfuko wa plastiki: jasho la usiku linabaki ndani na magnesi inaoza kimyakimya. Rafu ya mbao, mbali na ukuta, shuka kuukuu la pamba juu yake, na kila mwezi kitambaa chenye oili. Masika na vuli mimi nafanya kila wiki mbili. Waya za plagi ziangalie pia, panya wa Dar wanazipenda.

Ukifika wakati wa kuuza nje, piga picha za kasoro zote, kila ufa. Tangi na kabureta vikaushwe mpaka harufu iishe. Wasafirishaji wa anga hukataa injini yenye mabaki ya petroli, na mzigo ukirudishwa gharama ni yako. Bapa lifunge kando. Namba ya mashine kwenye hati ifanane na iliyo kwenye bodi.

Kila msumeno wangu una kadi yake, nimeifunga kwa uzi kwenye mpini. Ya ule wa kwanza inasomeka hivi: Gerezani, kilo 11, shilingi 85,000. Kabureta imepatikana Kariakoo, ya kuiga. Kamba mpya. Platini 0.38. Umewaka. Ekzosi ya asili bado inatafutwa.